Neno Moja la Kinyozi

Sijui alizaliwa wapi wala ukoo wake ulitokea pwani ipi, na kusema kweli sikuwahi kuuliza. Kwa kinyozi yule mtu alikuwa haendi kuuliza, alikwenda kuulizwa. Ulikaa kwenye kigoda, akakufunga shuka shingoni, akakupaka povu, akauweka wembe chini ya kidevu, ndipo akasema, "Haya, karani. Kile kitabu umekionaje?"

Hapo utajibu nini? Ukifungua kinywa utakatwa. Ukitikisa kichwa utakatwa vibaya zaidi. Basi ulinyamaza, naye akahesabu kimya chako kuwa umemkubalia, akaendelea na maoni yake mpaka shavu la pili. Mimi nimenyolewa pale Temeke miaka minane, na katika miaka hiyo yote sidhani kama nilipata kumaliza sentensi tatu juu ya kitabu chochote. Mpaka leo nikisikia mtu akimsifu kwamba ndiye aliyetufanya wasomaji, nakubali, kisha nakunja uso. Ni kweli alitufanya wasomaji. Lakini alinikera mtu yule kuliko binadamu yeyote niliyepata kumpenda.

Kibanda chake kilikuwa kando ya njia ya kwenda Kilwa, kuta za fito na udongo, paa la makuti, na kioo kimoja kilichopasuka ambacho kilimpa kila mteja kovu la shavuni. Chini ya kioo palikuwa na kasha la sabuni, na ndani ya kasha hilo mlikuwa na vitabu. Vilitoka kila mahali. Vingine vya misheni, vingine vya serikali, vingine vilivyoletwa na askari waliorudi kutoka vitani ambao hawakujua wavifanyie nini. Hakubagua. Kijitabu cha kupigana na mbu alikisoma kwa makini ile ile aliyosomea hadithi ya mfalme na binti zake, tena akakitolea hukumu. "Kinaanza vizuri," alituambia, "ila huyu aliyeandika anawachukia mbu mno. Hajawajua."

Kabla ya kushika kitabu alinawa mikono. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa kabla ya kushika uso wa mtu hakunawa kila mara.

Kipimo chake cha kwanza kilikuwa chakula. Hakukwambia kama kitabu ni kizuri mpaka akwambie kwanza kama watu wa humo wanakula. Siku moja nilimkuta amechukia, ananoa wembe kwenye ukanda wa ngozi kama anayemchapa mtu, na kitabu kipya kiko juu ya kasha kimefunikwa kifudifudi. Kile kitabu nilikuwa nimekisoma, nilikipenda, na mimi ndiye niliyemletea.

"Kurasa sitini," akasema. "Bwana huyu anasafiri. Anavuka mito, anapigana na majambazi, anaokoa binti wa watu. Kurasa sitini, karani, na hajatia tonge kinywani. Huyo mtu au jiwe?"

Nilikuwa bado sijapakwa povu, nikapata nafasi ya kusema kwamba pengine mwandishi ameona si lazima kutaja.

"Si lazima? Wewe umekula leo?"

"Nimekula, fundi."

"Umekula nini?"

"Muhogo."

"Wa kuchemsha au wa nazi?"

"Wa nazi."

"Haya. Mie nishakujua wewe kuliko yule bwana wa kurasa sitini."

Wenzangu waliokuwa wakingoja zamu wakacheka, na kitabu changu kikafa siku ile. Maana hivyo ndivyo ilivyokuwa: alichokikataa yeye hakikusomwa na mtu kutoka pale mpaka Mtoni. Alichokisifu, watu walikigombania. Waliokuwa hawajui kusoma walisomewa na wanaojua, na muuza vitumbua wa jirani, mama wa watu ambaye hakuijua hata alifu, alikuwa na maoni makali juu ya vitabu kumi na vitano, yote ya kinyozi, akiyagawa pamoja na vitumbua vyake.

Vitabu vilivyofasiriwa kutoka nchi za baridi navyo vilimtia taabu. Si kwamba hakuvipenda. Alivisoma akalalamika, akavisoma tena. "Watu wanatembea juu ya theluji toka mwanzo mpaka mwisho," alisema, "na hakuna anayenambia inanukaje." Nikamwambia theluji haina harufu. Akaniuliza nimejuaje. Harufu ya theluji nitaijua wapi, mimi karani wa ghala Temeke? Akaniangalia kwenye kile kioo kwa huruma, kama aliyemkamata mwenzake akisema uongo mdogo wa bure.

Dibaji ndizo zilizokuwa adui yake. Vitabu vingi vya siku zile vilianza na kurasa mbili tatu za bwana mkubwa fulani akieleza namna kitabu hiki kitakavyowafaa wenyeji na tabia njema watakazojifunza. Kinyozi hakuzichana, kwa kuwa alikuwa na adabu na karatasi, ila alizibana kwa pini, ukurasa kwa ukurasa, msomaji asipite hapo. "Dibaji," alisema, "ni mtu aliyekaa mlangoni kwenye karamu anakusimulia pilau lilivyo. Na wewe una njaa." Niliwahi kuzichomoa pini za kitabu kimoja nikasoma dibaji kwa ubishi tu. Ilikuwa kama alivyosema. Nikazirudisha pini kimya kimya, na nikachukia kwamba alikuwa na haki.

Kazi yake nyingine, ambayo hakuna aliyemwomba, ilikuwa kumchagulia kila mtu kitabu chake. Mzee mmoja wa kwetu alikimbiwa na mke, akawa anakuja kunyolewa kila siku ilimradi apate mahali pa kukaa. Tulitazamia kinyozi atampa kitabu cha kumliwaza, cha dini au cha mashairi. Akampa kijitabu cha idara ya kilimo juu ya ufugaji wa kuku. Sote tuliona amekosa utu. Yule mzee alikisoma, akafuga, na mwaka uliofuata alikuwa akibishana na watu sokoni juu ya ugonjwa wa mdondo, amenenepa, hamtaji tena mkewe. Sasa kinyozi kama huyo utamwambia nini?

Mimi alinikomesha kwa namna yake. Nilikuwa nimegombana na msimamizi wangu wa ghala, nikanyimwa cheo nilichokistahili, na nikaja kibandani nimefura. Kinyozi alipomaliza kuninyoa aliinama kwenye kasha akanipa kijitabu chembamba juu ya kusafisha visima. Nilikwenda nacho nyumbani nikakisoma mara mbili nikitafuta maana yake. Nikaipata: hasira ni matope, moyo ni kisima, mtu hazoi matope kwa kupiga kelele. Nilifurahi sana. Juma lililofuata niliwahi kabla ya povu nikamweleza maana yote hiyo, na watu wakisikiliza.

Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Hapana," akasema. "Nilikupa kwa kuwa kisima chenu kinanuka."

Alikuwa na kinyume chake pia, na vinyume vyake vilinichosha kuliko maoni yake. Alitukataza kabisa kuhukumu kitabu ambacho hatujakimaliza. Mtu akirudisha kitabu akasema kimemshinda katikati, alinyolewa kwa ukali, na nywele za nyuma ya shingo zikaachwa zimepinda. Kumbe yeye mwenyewe vingi hakuvimaliza. Nilikuja kuligundua hilo kwa sababu vitabu vya siku zile kurasa zake nyingine zilikuja zimeshikana, lazima uzipasue kwa kisu, na kitabu alichotuhubiria mwezi mzima nilikikuta kimepasuliwa mpaka ukurasa wa arubaini tu. Nikamwonyesha. Nilidhani leo nimemweza.

"Wewe ukionja mchuzi," akaniambia, "unamaliza sufuria?"

"Lakini sisi unatukataza, fundi."

"Nyie hamjui kuonja."

Mtu pekee aliyemweza kidogo alikuwa dresa, yaani yule msaidizi wa hospitali anayefunga watu vidonda na kuchoma sindano. Alikuwa kijana wa kusini kama wazazi wangu, amesoma misheni, anavaa kaptula iliyopigwa pasi mpaka inakata, na hakuwa na woga wa wembe kwa sababu yeye mwenyewe alishinda siku nzima akiwakata watu majipu. Walibishana juu ya kitabu kimoja chenye mwanamke anayemwacha mumewe mbaya akaenda zake. Kinyozi alisema mwanamke yule hakuandikwa vizuri, maana aliondoka bila kufunga mzigo. Dresa akasema anayekimbia hafungi mzigo. Kinyozi akasema mwanamke wa Kizaramo hata nyumba ikiungua atatoka na kanga zake. Dresa akasimama, shavu moja limenyolewa na jingine lina povu, akajifuta kwa shuka, akaenda zake kazini na ndevu upande mmoja. Wagonjwa walimcheka siku nzima. Kesho yake alirudi, akakaa kigodani, akasema, "Tulikuwa wapi?" Sikujua kama anauliza ndevu au kitabu. Wakamaliza vyote viwili.

Nilimwonea wivu dresa. Niseme wazi. Mimi nilikuwa karani, nina mwandiko mzuri, nilisoma kuliko wote pale, na kinyozi hakunipa nafasi hata siku moja ya kuondoka na nusu ya ndevu.

Ndiyo maana nikaandika. Watu husema wanaandika kwa ajili ya taifa, au kwa ajili ya wazee wetu wasisahauliwe. Mimi niliandika ili nimkalishe kinyozi. Ofisi moja ya mjini ilikuwa imetangaza kwamba inatafuta hadithi za Kiswahili zilizotungwa na wenyeji, na iliyo nzuri itapigwa chapa. Nikanunua daftari kubwa, nikaandika mwaka mzima, kila jioni nikitoka ghalani, nimekaa uani na watoto wa mwenye nyumba wakinipigia kelele. Ilikuwa hadithi ya mtu anayetoka kwao kusini kwenda kukata mkonge, anakaa miaka mingi kuliko aliyoahidi, na akirudi anamkuta mkewe ameolewa na mdogo wake. Niliiandika kwa akili zangu zote. Na kwa kuwa nilimjua msomaji wangu, nilihakikisha watu wanakula. Walikula ugali wa mtama, walikula kisamvu, walikula panya wa porini, walikula hata mahali ambapo mtu wa kawaida angelia kwanza.

Sikutaka kuipeleka mjini kabla kinyozi hajaisoma. Hilo lilikuwa jambo langu moja nililolitaka duniani mwaka ule, na sitanii: nilitaka mtu yule aniambie kama najua kuandika au sijui. Angesema ni mbovu, ningeandika nyingine. Angesema ni nzuri, ningeipeleka. Niliinakili upya yote kwa wino wa buluu kwenye daftari safi, na zile karatasi za kwanza zenye kufutwafutwa nikazichoma, kwa majivuno tu, ili ibaki moja iliyo kamili. Nikampa siku ya Jumatatu. Akanawa mikono akaipokea, akasoma mstari wa kwanza, akaiweka kashani.

"Nitakwambia," akasema.

Hakuniambia.

Juma la kwanza sikuuliza. La pili nilikaa kigodani, akanipaka povu, akauweka wembe, akasema, "Haya, karani," nami nikafumba macho. Akaanza kunieleza kitabu kipya cha safari za bahari. Juma la tatu, kitabu cha nyuki. Juma la nne alikuwa na hasira na kitabu cha sala. Mtu mwenye maoni juu ya mbu, juu ya kuku, juu ya theluji asiyoiona, hakuwa na neno moja juu ya kurasa mia na kumi za mwandiko wangu. Nilichungulia kashani alipotoka kumwaga maji. Daftari halimo.

Juma la tano nilifika kabla ya watu. Alikuwa akimnyoa mzee mmoja, na kama ilivyo desturi ya vinyozi, kila akivuta wembe alifuta povu lenye ndevu kwenye kipande cha karatasi kilichokaa begani mwa mteja. Siku zote alitumia magazeti. Siku ile nikaona karatasi ya daftari, yenye mistari, yenye wino wa buluu, na wino umeanza kuchuruzika ndani ya povu. Juu ya kasha palikuwa na nyingine kama hizo, zimechanwa vipande vya mraba, zimepangwa vizuri zikingoja zamu yao.

Sikuingia. Sikuzisoma. Nilisimama mlangoni kitambo kidogo, naye akaniona kwenye kioo, akasema, "Karibu, karani, kaa." Nikamwambia nimesahau kitu ghalani. Nikaondoka, na sikurudi.

Watu wataniuliza kwa nini sikumkabili. Nimejiuliza mwenyewe mara nyingi kuliko wao. Ningesema nini? Fundi, mbona unafutia ndevu mwaka wangu mmoja? Na kama angenijibu kwa lile jibu lake fupi, mbele ya watu, nikachekwa, ningeishi vipi Temeke? Nilihamishia ndevu zangu kwa kinyozi wa Keko, mtu mwema, aliyezungumza habari za mpira tu na hakupata kunipa kitu chochote nisome. Kwake nilijibu kila swali. Mjini sikupeleka hadithi, kwa kuwa hadithi sikuwa nayo. Sikuandika nyingine. Nilijaribu mara mbili, na mara zote mbili nikiandika ukurasa nilisikia ule mfuto wa wembe, nikafunga daftari. Nikaoa, nikapata watoto, na cheo cha ghala nikakipata baada ya yule msimamizi kufa. Hata vitabu nikawa sinunui tena. Kila nilichokifungua nilisikia sauti yake ikiniuliza nani anapika, nikaghadhibika, nikakiweka.

Ikapita miaka kumi na zaidi. Siku moja mke wangu akarudi kutoka msibani akaniambia kuwa yule kinyozi wako wa zamani amefunga kibanda, ana mtoto wa jicho, haoni, yuko kwake tu. Akaniambia niende. Nikasema sina haja. Akanisuta kwamba mgonjwa hanuniwi, na akaweka ratili moja ya sukari juu ya meza, na ile sukari ikakaa pale siku tatu ikinitazama. Siku ya nne, baada ya sala ya alasiri, nikaibeba nikaenda.

Nilimkuta barazani kwenye mkeka, amekonda, ndevu zake nyeupe hazikunyolewa siku nyingi. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, lakini nilipoziona zile ndevu nilihisi uchungu nisioutazamia. Mkewe, bibi mwembamba mwenye kusema taratibu, alinipokea sukari akaenda kupika chai.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Karani?"

"Ndimi."

"Umenenepa. Sauti imeingia tumboni." Akanipapasa mkono, akaushika. "Unasoma nini siku hizi?"

"Sisomi."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Akasikitika, kwa dhati. Akaniambia kwamba wajukuu wake wanamsomea lakini wanasoma kama watu wanaokimbizwa, na wakifika penye chakula wanaruka. Kisha akasema kwa upole, kama jambo la kawaida tu, "Na kuandika? Bado unaandika?"

Hapo ndipo nilipopasuka. Nilikuwa nimeapa njiani kwamba sitasema.

"Nitaandikaje, fundi? Wewe daftari langu ulifutia wembe."

Mkono wake ulibaki juu ya wangu.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyenambia. Niliona kwa macho yangu. Karatasi ya mistari, wino wa buluu. Nilikuwa mlangoni."

"Ulizisoma?"

"Nisome nini?"

"Mwalimu wa shule ya pale juu alikuwa ananiletea madaftari ya watoto wake yaliyokwisha," akasema. "Hesabu na imla. Magazeti yalikuwa yameadimika. Karani, mie nikanawa mikono kushika daftari lako, halafu nilifutie ndevu za watu?"

Nilitazama uani. Kulikuwa na kuku wawili na ndoo iliyolala ubavu, nami nilivitazama vitu hivyo kwa makini sana.

"Liko wapi basi?"

"Nililimaliza Jumatano," akasema. "Lote, mpaka mwisho. Alhamisi dresa akaja kunyolewa, nikampa. Nilisema akisoma tubishane kwanza, ndipo nikwambie. Neno la mtu mmoja juu ya kitabu si neno. Kabla ya juma kwisha dresa akapata barua ya uhamisho, Songea, aondoke na lori la kesho yake. Akaenda nalo kwenye sanduku."

"Na hukunambia."

"Nikwambie nini? Nimekupotezea? Ulikuwa umenipa lile moja. Nikamwandikia. Akajibu kwamba ni hadithi nzuri, amemwazima mwalimu. Nikamwandikia tena, akajibu mwalimu amemwazima mwenzake, na huyo kaenda nalo mpakani. Wanaligombania, alisema. Nikasema likirudi nitamwita karani, nimpe na neno lake. Kila Ijumaa ukikaa pale natafuta cha kusema, nasema habari za nyuki. Halafu ukaacha kuja. Nikajua umejua."

"Sikujua chochote."

"Ungeuliza."

"Na wewe ungesema!" Nilipaza sauti mpaka mkewe akachungulia kutoka jikoni. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, nafokea kipofu barazani kwake, na bado nilitaka kufoka zaidi. Huko kusini watu nisiowajua walikuwa wananigombania, wakati mimi Temeke nafunga madaftari kwa hasira. Miaka kumi na zaidi, watu wawili wanaoishi mwendo wa dakika ishirini, kila mmoja akimwonea mwenzake aibu. Ningeweza kulia. Badala yake nikauliza, na sauti yangu mwenyewe sikuipenda, ilikuwa ya kijana yule yule.

"Kilikuwaje?"

Akainua uso. Akajiweka sawa kwenye mkeka, na kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona kinyozi mwenyewe.

"Walikula mno," akasema.

Nikacheka, nisitake.

"Lakini kizuri. Kizuri, karani. Unajua kuandika. Yule mke ulimjua vizuri kuliko yule mume, na hilo ndilo lililonishika." Akaanza kunisimulia. Alinisimulia hadithi yangu kutoka ile asubuhi mtu anayotoka kwao mpaka kambi ya mkonge, na mbwa aliyemfuata hadi mtoni, ambaye mimi nilikuwa nimemsahau kabisa kwamba nilimwandika. Alikumbuka jina la mbwa. Alikumbuka kwamba mvua ilinyesha siku ya barua. Chai ikaja ikapoa, naye anaendelea, mpaka mtu wangu akafika mlangoni kwa mkewe, mdogo wake akatoka, mke akaweka ugali chini.

"Basi akanawa," akasema kinyozi, "akala nao. Alipomaliza akaomba wamwonyeshe mahali pa kujenga, jirani nao. Ndio mwisho. Mwisho mzuri ule."

"Mwisho haukuwa huo, fundi," nikasema.

"Haukuwa huo?"

"Hapana. Sikuandika hivyo."

"Basi miaka imenichanganya. Uliandikaje?"

Nikafungua kinywa nimwambie. Mwisho wa hadithi ile niliuandika mara tatu. Kwenye mmoja yule mtu anageukia kisimani wala hafiki nyumbani. Kwenye mwingine anampiga mdogo wake. Kwenye mwingine mke ndiye anayetoka akamfuata. Wakati wa kunakili nilichagua mmoja, nikauandika kwa wino wa buluu, nikaichoma mingine. Upi? Niliutafuta moyoni nikiwa nimekaa pale kinywa wazi, na sikuupata.

"Haya, karani," akasema. "Leo sina wembe. Sema."

Mkewe akaja akachukua vikombe, akaondoka. Kinyozi alikuwa bado amenigeuzia uso, ananingoja.